Mtoto Aliyerukuu Kila Akiamka

Haya, kaeni, wanangu, na simu zenu mziweke mapajani. Sizichukii. Siku hizi mama ananifuata mpaka mlangoni kwangu, mimi niliyestaafu na magoti yangu haya mabovu, ananisukumia simu machoni: "Muganga, tazama, mtoto anaruka usingizini." Natazama, namwambia hana kitu, anaondoka anacheka. Jamani, raha iliyoje! Wakati wetu mtoto alirukaruka nyumbani, na akifika kwetu ametulia tuli, anakutazama kama wewe ndiye mgonjwa. Mama amebaki na neno moja tu: "Anashtuka." Anashtuka vipi? "Anashtuka tu, muganga." Ungeweza kulia.

Mimi ni Salima. Nilikuwa anfirimye, au nesi kama mnavyosema nyie mliokulia Tanzania, katika zahanati ndogo ya watoto pale Biryogo, mtaa wa Waislamu wa hapa mjini, jirani na mafundi cherehani. Nyie mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaeleze habari za watoto wachanga na mishtuko yao, lipi la kuogopa na lipi la kuacha. Nitawaeleza. Ila ninayoyajua nimeyajua katika miaka ya vita, tangu mwaka wa tisini mpaka ule wa tisini na nne, na siwezi kuwatenganishia kazi na miaka yenyewe. Anayetaka mambo matamu akanunue halua.

Aliyenifundisha ni mzee Kalisti, nesi wa zamani, mtu wa kusini, Mkristo wa kwenda misa kila asubuhi, na mdomo wake haukuwa wa misa hata kidogo. Yeye hakukubali kusimuliwa. "Mama, usiniambie. Nionyeshe." Mama anaona haya, anainamisha kichwa. Basi Kalisti analala chali kwenye benchi la kungojea, na koti lake jeupe na kipara chake, anaanza kurusha miguu hewani. "Hivi?" Wanawake wote wanaziba midomo kwa khanga. "Hapana, muganga, ni mikono." "Hivi?" "Hapana!" Mpaka mama mwenyewe anachoka kumwona mzee wa watu anakosea, anaweka kikapu chini, anaonyesha kwa mwili wake. Na mama hakosei. Ametazama kitu kile wiki nzima kwa hofu, kimemkaa mwilini. Mkono upi, kasi gani, macho yalikwenda wapi, yote yanatoka.

Halafu ndiyo maswali. Amelala au yuko macho? Kichanga wa wiki chache akirusha mikono au miguu usingizini, na wakati mwingine anarusha mpaka kitanda kinatikisika, mwamshe. Akifumbua macho na mruko ukaisha papo hapo, mpe ziwa, nenda kapike. Ni usingizi unamchezea, na atauacha mwenyewe. Akitetemeka kidevu au mguu akiwa macho, mshike mguu kwa upole. Ukitulia kiganjani mwako, ni njaa au baridi au mishipa ambayo bado michanga. Usipotulia, ukaendelea kupiga chini ya vidole vyako, huyo si wa kungoja kesho. Mlango ukigongwa akafungua mikono kama anayeanguka, hiyo kila mtoto anazaliwa nayo, hata wewe uliye hapo nyuma unayecheka ulikuwa nayo. Lakini mtoto wa siku chache aliyekaza taya, hanyonyi, na kila akiguswa mgongo unapinda kama upinde, usiulize swali hata moja. Kimbia. Hiyo ni pepopunda, na mara nyingi imeingilia kitovuni. Akiwaka homa na kurukaruka, kimbia vilevile. Na kijiko msimtie mtoto mdomoni, nimechoka kutoa meno yaliyovunjika kwa vijiko.

Swali la mwisho la Kalisti lilikuwa la ajabu kidogo, na miaka ya mwanzo nililiona la upuuzi. "Huyu mtoto ni yule yule wa mwezi jana? Anacheka bado?" Mama akisema anacheka, Kalisti alipumua. Mama akisita, Kalisti alivua miwani.

Vita vilipoanza askari walimchukua Kalisti, yeye na wengine wengi walioshukiwa, wakamweka ndani kwa miezi. Akarudi amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Mchana mmoja wagonjwa wameisha, akasinzia kitini, nikamwona anaruka: bega, mkono, bega. Mimi na ujinga wangu nikataka kumtania ili acheke. Nikamgusa. "Mzee, nimekuamsha nione kama inaisha." Akafumbua jicho moja. "Yangu, Salima, inaanza nikiamka." Sikumtania tena wiki ile.

Sasa niwape kisa kimoja kifupi mjue kwamba hofu nayo inaua. Kijana mmoja aliyekuwa anachoma nyama katika baa ya Gisimenti alipata mtoto wake wa kwanza, wa kike. Mtoto akawa anarusha mikono usingizini. Majirani wakasema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka kinamkaba. Mnajua wanavyokifanya: kuna mama anakuja na waya uliopindwa, anakikata. Wakakikata. Walipotufikia, kitambaa alichofungiwa mtoto kilikuwa kimelowa damu mpaka mgongoni kwa mama yake. Kalisti alifanya yote anayojua mtu kufanya, na mimi nilishika taa. Mtoto alipokwisha kufa, Kalisti akamwomba mama, kwa sauti ndogo sana, amwonyeshe mtoto alikuwa anafanyaje kule nyumbani. Mama akaonyesha: vidole, viwiko, kidogo tu, na akiamka basi. Tukatazamana. Mtoto hakuwa na kitu. Hakuwa na kitu kabisa! Yule baba alikuwa bado ana harufu ya moshi wa mishikaki, anatuuliza, "Sasa ugonjwa wake uliitwaje?"

Nami nilirudi nyumbani nimekasirika na dunia nzima.

Basi hao waliogopa pasipo na la kuogopa. Ninayetaka kumsimulia hasa ni mtoto ambaye watu wake walimfurahia.

Jina lake Shabani. Baba yake, Hamisi, alikuwa dereva wa lori la kwenda Dar es Salaam, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kwa mwezi akinuka dizeli. Mama yake, Zaina, alitoka Gahanga, kwa wakulima, amezaliwa Mkristo akasilimu kwa ajili ya ndoa. Kadi yake ya kitambulisho iliandikwa Mtutsi, na msiniulize kwa nini nalitaja hilo mapema. Aliyeitawala nyumba ni mama wa Hamisi. Sote tulimwita Mama Hamisi. Babu zake walikuwa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutandikwa kama mkeka wa wageni. Mwanamke mwema. Wallahi, mwema. Mkiona nimemkasirikia huko mbele, mkumbuke nilisema hivyo.

Nilikuwa nimepita kwao kwa shughuli ya arusi ya jirani. Zaina akaninong'oneza kwa furaha, na Kiswahili chake cha kuokota: "Muganga, umesikia? Mtoto wangu iko nasali."

"Anasali nini?"

"Akiamka tu. Alfajiri, kabla adhana haijaisha. Na mchana tena, akitoka usingizini. Iko nainama, iko narukuu."

Nilidhani ni mzaha wa wazazi. Kila mtoto wa mtu ni wa ajabu. Lakini niliona kando ya mlango kilo za sukari zimepangwa, na khanga mpya bado zimekunjwa, zawadi za wanawake waliokuwa wanakuja kumtazama. Mtaa mzima ulikuwa unajua ila mimi. Nikasema, "Nionyeshe."

Zaina akacheka, akakaa mkekani na miguu mbele kama mtoto. Kichwa kikaanguka kifuani. Mikono ikafunguka mbele, magoti yakapanda, kisha akalegea. Akapumzika. Tena: kichwa, mikono, magoti. Akapumzika. Tena. "Hivi hivi, mara nyingi," akasema. "Halafu anaacha." Mama Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi mkononi, anamtazama mkwewe akiigiza, na uso wake wote umeng'aa.

Nikangoja mtoto aamke. Akaamka, mnene, msafi, amepakwa mafuta, na mara akaanza. Alirukuu, akarukuu, na kila akimaliza kimoja alitoa kilio kidogo kama mtu aliyeshtushwa. Ilipokwisha nikamweka mapajani. Nikamwimbia, nikamfanyia sura zote za kipumbavu ninazozijua, hata zile za Kalisti. Shabani alinitazama begani. Mtoto wa miezi mitano, hakutazama uso wa mtu.

"Anacheka?" nikauliza.

Zaina akasita. "Alikuwa nacheka. Siku hizi ametulia."

"Amekuwa na haya," akasema Mama Hamisi. "Mtoto wa ibada hana mzaha."

Wanangu, hapo ndipo mjue ilivyo ngumu kazi hii. Hii si kutetemeka kwa usingizi. Hii ni aina ya kifafa cha wachanga, na ni mbaya kuliko zile za kuanguka na povu, kwa sababu haina kishindo. Inakuja kwa mafungu, mara nyingi mtoto akitoka usingizini, na kila siku inayopita inamla akili. Anaacha kucheka, anaacha kutazama, anaacha kushika. Mtoto anabaki na mwili wake mnene, na ndani panaendelea kuhama. Ikipata dawa mapema, wapo wanaorudi. Ikichelewa, ugonjwa hata ukiacha, mtoto harudi. Nilijua hivyo, na mbele yangu mwanamke mwenye tasbihi alikuwa anamshukuru Mungu.

Nikasema taratibu nilivyoweza. Neno igicuri, ndiyo kifafa kwa Kinyarwanda, nililisema mara moja tu. Mama Hamisi aliweka tasbihi chini.

"Salima. Umekuja nyumbani kwangu, umekula wali wangu, sasa unampaka mjukuu wangu igicuri?"

"Mama, simpaki. Ninaogopa."

"Ogopa kwako. Unajua watu watafanya nini? Hawatakula nasi sahani moja. Hawataoa kwetu. Toka."

Na kweli, hakusema uongo. Ndivyo walivyokuwa watu, na wengine ndivyo walivyo mpaka leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kwa urahisi sana, sisi ambao maradhi hayako nyumbani kwetu. Zaina alinisindikiza mpaka uchochoroni. Nikamwambia, "Mwanao anapotea. Hafi, anapotea. Unanielewa?" Akasema, "Nimeona tangu zamani, muganga. Ndani ya nyumba ile mimi nitamwambia nani?"

Nilirudi kazini nikamwonyesha Kalisti kwa mwili wangu. Akavua miwani. Akasema neno moja la Kinyarwanda ambalo sitalirudia mbele yenu, kisha akasema, "Wewe ni nesi, mimi ni Mkristo. Hatutafika popote. Tafuta mtu ambaye yule bibi hawezi kumfukuza."

Nikaenda kwa Mwalimu Issa, aliyefundisha madrasa kwenye msikiti wa mtaa wao. Mtu mkavu, mkali kwa watoto, sikumpenda. Nilimweleza. Alinisikiliza akiwa anashona kofia, hakuinua kichwa. Nikajua nimepoteza wakati wangu. Kesho yake nikasikia ameingia kwa Mama Hamisi mchana, akaketi, akangoja mtoto aamke. Zaina ndiye aliyenisimulia. Shabani alipoanza, Mama Hamisi akasema, "Mwalimu, maashallah, tazama." Mwalimu Issa akatazama mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mama Hamisi, sala ina nia. Huyu hana nia, wala hajaamrishwa. Na aliyesali akimaliza anatulia. Huyu akimaliza analia. Anaumia, mama yangu. Mpelekeni hospitali."

Mama Hamisi hakumfukuza. Alikwenda ndani akafunga mlango wa chumba.

Tukapanga safari ya hospitali kubwa, na Mama Hamisi akasema atakwenda nasi. Nikawafundisha ujanja wa kazi, na nyie ushikeni: ugonjwa wa namna hii daktari haoni kitu mtoto akiwa macho. Mcheleweshe kulala. Msimwache asinzie nyumbani. Asinzie njiani, mgongoni, ili aamkie mbele ya daktari. Asubuhi ile mimi, Zaina na Mama Hamisi tulipokezana kumchezesha mpaka tukachoka sisi. Tulipoingia barabarani akalala, fofofo, mgongoni kwa mama yake. Nikasema alhamdulillahi.

Nilisahau bariyeri. Miezi ile askari walikuwa wameweka kizuizi mbele, na kila mtu alionyesha kadi. Kijana mmoja aliitazama kadi ya Zaina muda mrefu kuliko zetu. Kisha akanyoosha kidole mgongoni kwake. "Fungua hiyo. Iko nini ndani?"

"Mtoto."

"Fungua nione. Watu iko napitisha grinedi kama mtoto."

"Mpore, mpore," yaani pole, nyamaza, Zaina akawa anambembeleza mtoto huku anafungua kitenge. Shabani akaamka. Na pale pale, juu ya mikono ya mama yake, mbele ya bunduki, akaanza kuinama. Askari akacheka mpaka akaita wenzake. "Njooni muone, huyu naheshimu jeshi!" Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu tulitaka kupita. Mama Hamisi peke yake hakucheka. Aliwatazama wale vijana wanavyomfurahia mjukuu wake, nikaona uso wake unabadilika. Nadhani ndipo alipoona.

Hospitalini tukangoja mpaka alale tena, aamke tena. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya kukesha, alitazama fungu moja tu, akatuambia tulichokijua. Aliandika vidonge vya kotizoni. Akasema kila siku, msiruke hata siku moja, na msikatishe ghafla. Atavimba uso, atakuwa na njaa ya ajabu na hasira. Akipata homa, mrudisheni mbio. Mama Hamisi ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa heshima kubwa, "Daktari, atacheka?"

"Sijui, mama. Tumechelewa kidogo. Tujaribu."

Vidonge vilikuwa adimu kama chumvi ya vita. Kalisti alivitafuta kwa mapadri, mimi kwa mafamasi, Hamisi akaleta vingine kutoka Tanzania chini ya kiti cha lori. Mama Hamisi mwenyewe alivisaga, akavichanganya na maziwa, akasimama juu ya mtoto mpaka tone la mwisho. Ukimwona ungedhani yeye ndiye aliyegundua ugonjwa. Zile sukari na khanga alizirudisha nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alisema, "Mtoto wetu ni mgonjwa, tuombeeni." Wapo walioacha kuja. Hakuwataja.

Mafungu yakapungua. Yakawa moja kwa siku. Yakakatika. Shabani akavimba mashavu mpaka macho yakawa mistari, akilia usiku kucha kwa njaa, na bado haangalii mtu. Nilianza kuandaa maneno ya kuwaambia kwamba imetosha, tushukuru kwa kidogo.

Kisha asubuhi moja, nikiwa napima watoto uzito, nikasikia kelele barabarani. Mama Hamisi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka, alikuwa anakuja anakimbia, khanga imemvuka kichwani, Shabani kwapani kama furushi. Akapita foleni nzima. "Tazama! Salima, tazama!" Akamwinua mtoto mbele ya uso wake, akampulizia tumboni. Shabani akamtazama machoni, sawasawa, akacheka. Akacheka kwa sauti, mashavu yale makubwa yanatikisika. Akapuliziwa tena, akacheka tena. Kalisti akatoka ndani na sindano mkononi, akasimama. Wanawake wa foleni hawakujua ni nini lakini walipiga vigelegele.

Mama Hamisi aliketi kwenye lile benchi na mtoto kifuani. Aliacha kucheka polepole. Akaniambia mimi peke yangu, "Salima, siku zote zile alipokuwa anaondoka, mimi nilikuwa nashukuru." Akalia vibaya sana. Nilimshika mkono tu, na watoto wengine wakangoja.

Ilikuwa karibu na Pasaka ya mwaka wa tisini na nne. Mama yake Zaina, kule Gahanga, alikuwa amemwona mjukuu wake mara moja tu, wakati ule ametulia, na alikuwa amelia akidhani mtoto ni kipofu. Mama Hamisi akasema, "Mpeleke kwa mama yako. Afurahi sikukuu yake. Amwone anavyocheka." Zaina alikuwa na wasiwasi wa njia. Mama Hamisi akamfungia vidonge vya siku chache kwenye kipande cha karatasi, akamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye taksi. Vilivyobaki akavihifadhi kabatini.

Wiki ile ndege ya rais ikaangushwa. Nyie mnajua yaliyofuata, mmesoma, na kila Aprili mnakaa kusikiliza. Mimi sitayasimulia. Kalisti aliuawa, yeye na mkewe, nyumbani kwao. Katika mtaa wetu wapo waliofichwa darini na nyuma ya makabati ya vitambaa, na Mama Hamisi aliwaficha watu ambao hata majina yao hakuuliza. Walitoka hai. Lakini kutoka Gahanga hakurudi mtu, si Zaina, si Shabani. Hamisi aliporudi kutoka Tanzania alikwenda kuwatafuta, akaonyeshwa mahali.

Tulifungua zahanati tena kabla hata madirisha hayajapata vioo. Mama Hamisi akaja na vile vidonge vilivyobaki, vimefungwa vizuri. "Wape wengine," akasema. Palikuwa na wanawake wameketi, kila mmoja na yake. Mmoja wao, jirani wa zamani, akamshika bega, na nia yake ilikuwa njema, nataka mjue hivyo. Akamwambia, "Pole, Mama Hamisi. Lakini yule mtoto Mungu alimpumzisha. Si alikuwa mgonjwa? Angeishi vipi na kichwa kile?"

Mama Hamisi aliutoa ule mkono begani kwake. Kisha akasimama, na ile sauti ya pwani iliyotulia siku zote ikapasuka, akapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakageuka:

"Hakuwa mgonjwa! Alikuwa anacheka! Salima, waambie!"

Wote wakanigeukia. Niliweka vidonge mezani, nikawaambia. Nawaambia na nyie. Alikuwa amepona.